Siku Niliyofagia Chini ya Michungwa

Juzi nilimwona jirani yangu akitandaza nyasi kavu chini ya mchungwa wake, nikacheka peke yangu.

Utotoni niliishi na bibi yangu kisiwani, katika kijiji cha Ndagoni. Chini ya michungwa yake kulijaa majani makavu na makumbi ya nazi, na palinukia mvua hata jua likiwaka. Nilidhani amechoka kufagia. Mchana mmoja alipokwenda harusini, nilifagia shamba, nikalima mpaka mizizi ikaonekana, nikachoma taka zote.

Aliporudi nilimpokea kwa fahari. "Shikamoo, bibi. Nimekusafishia shamba."

"Marahaba," alijibu, akiutazama mchanga mtupu. Kisha alifukua chini ya mti mmoja niliousahau, akaniwekea kiganjani udongo mweusi, wa baridi, wenye nyungunyungu.

"Huyu na wenzake ndio wanaonilimia. Umewabomolea nyumba."

Nililia, nikiamini wamehama kisiwa. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, kisha tukaenda kuomba majani kwa majirani.

Leo najua majani yale hutunza unyevu na kurutubisha udongo. Lakini msimu ule wote, kila nilipoingia shambani, nilipiga hodi kwanza, na bibi aliniitikia kutoka jikoni, "Karibu."