Kwenda na Kurudi Kabla ya Magharibi

Kiangazi, watu wa hifadhi huchoma nyasi za kando ya barabara pale Mikumi, na moshi wake una harufu ambayo sijaikuta kwingine: kavu, nzito, na kwa mbali tamu, kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni. Mwaka huu nilikuwa kwenye basi la Iringa moshi ule ulipoingia. Mama niliyekaa naye akafunika pua kwa ncha ya mtandio. Mimi nikasukuma kioo changu mpaka mwisho. Alinitazama kama mtu aliyekosa malezi, na sikumlaumu. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nanusa Jumapili za baba yangu?

Nilizaliwa Masanze, wilaya ya Kilosa, kwa watu wa mama yangu, wakulima wa mahindi na mpunga waliokuwapo pale tangu enzi za babu wa babu zao. Baba alikuja na ndugu zake kutoka kanda ya ziwa wakiswaga ng'ombe, wakitafuta malisho. Ndugu zake baadaye walirudi kwao. Yeye alibaki kwa sababu ya mama. Nasikia alipokuja kuposa aliswaga ng'ombe wake wote mpaka uani kwa mjomba, vumbi likatanda, na kijiji kizima kikatoka kuangalia. Kwetu mahari ilikuwa kitu kidogo, cha adabu tu. Watu wa mama walipokea wakicheka, wakasema kijana huyu mapenzi yamemzidi kimo. Mmoja walimchinja siku ya harusi, waliobaki wakaingizwa zizini. Hakuna aliyemuuliza baba anadhani ametoa nini, wala yeye hakuwauliza wanadhani wamepokea nini. Mila ya mwenzio ni kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Siku ya arobaini wazee walikaa barazani kuzungumza juu yangu. Nilikuwa uani na wanawake tukichambua mchele, na mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa na sauti isiyojua kunong'ona.

"Shemeji, sisi hatumdhulumu mtu," alisema. "Kwetu mtoto ni wa tumbo la mama yake. Atakua hapa na wenzake. Lakini ng'ombe wako wale pale, hatujauza hata mmoja. Wachukue, usiondoke mikono mitupu."



"Ng'ombe nilishawatoa, kaka," baba alisema.

"Ndiyo, na sisi tunakurudishia. Si kwa ubaya."

"Nimekusikia. Lakini siwachukui."

Wazee wa kwetu waliona ni kiburi, au pengine ni huzuni iliyomvuruga mtu akili. Mimi niliona ni ujinga mtupu. Nani anakataa ng'ombe?

Baba aliondoka Masanze akapata kazi Mikumi mjini, kuosha magari kwenye hoteli moja ya watalii. Kabla hajaondoka aliomba jambo moja, na mjomba hakuwa na moyo wa kumnyima: awe anakuja kunichukua Jumapili, tukatembee. Sharti lilikuwa kurudi kabla ya adhana ya magharibi. "Akilala huko hata siku moja," mjomba alisema, "kesho watu watasema tumemtoa."

Basi ubaba wote wa baba yangu ukabaki kwenye hizo safari za kwenda na kurudi. Alikuja asubuhi na pikipiki ya kuazima, akanikalisha mbele yake, tukapita kijiji cha Ulaya na mashimo ya barabara yake mpaka meno yangu yakagongana. Nguo zake zilinuka sabuni ya magari na ule moshi wa nyasi. Nilikuwa nikimwamkia "Shikamoo baba" mara mbili, mara ya kwanza pale nyumbani kwa sababu mjomba alikuwa anaangalia, na mara ya pili tukishafika njiani kwa sababu nilipenda kusikia "marahaba" yake ikipita juu ya kichwa changu.

Pale hotelini madereva wa watalii walikuwa hawana habari nyingine ila safari za kutwa: leo tumeenda hifadhini, kesho tunawapeleka kwenye maporomoko, keshokutwa Ruaha. Baba alisikiliza huku akisugua matairi. Kila safari waliyofanya Wazungu, akatafuta namna ya sisi kuifanya kwa kimo chetu. Hifadhini kuna lango na kiingilio, na sisi lango hatukulijua. Lakini barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, na hiyo ni ya kila mtu. Tulipanda basi lolote linaloelekea Morogoro, tukashuka Doma, upande wa pili wa hifadhi, tukala mahindi ya kuchoma, tukapanda jingine kurudi. Watalii walilipa kuona wanyama. Sisi tulilipa nauli ya Doma, wanyama wakawa nyongeza.

"Kaa dirishani," aliniambia kila mara. "Mtalii ni wewe. Mimi ni dereva."

Akawa ananionyesha kwa sauti ya madereva wa kule hotelini, Kiswahili amekinyoosha kama shati la harusi: mheshimiwa, upande wako wa kulia, swala, mheshimiwa, samahani kwa usumbufu, wale ni nyani, hawana adabu. Abiria walicheka. Pale barabarani kuna mabango ya faini kwa atakayegonga mnyama, na kila mnyama ana bei yake. Siku moja nilimuuliza baba, na mtu je, ni bei gani? Alicheka mpaka konda akageuka. Kisha akasema mtu hana bei, akageukia dirisha la upande wa pili, na mpaka Doma hakunionyesha mnyama mwingine.

Safari nyingine tulikwenda Ruaha Mbuyuni, tukakaa ukingoni tukitazama maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tulirudi na vitunguu vya kumpa mke wa mjomba, maana baba alisema mkono mtupu haulambwi.

Iko Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko zote. Tembo walivuka barabara, basi likasimama. Majike wakubwa, wadogo katikati, na kitoto kimoja kilichokuwa kikijikwaa kwa masikio yake mwenyewe. Baba alikuwa amesikia kwa madereva jinsi wanavyoishi, akanieleza kwamba huyo wa mbele ni bibi, wale ni mama na dada zake.

"Na baba yao?"

"Hakai nao."

"Amefukuzwa?"

"Hapana. Ndivyo walivyo." Akavuta pumzi. "Lakini hayuko mbali. Yuko humo humo porini, anakula peke yake."

Nilisimama juu ya kiti kumtafuta huyo tembo wa peke yake, nikamtafuta mpaka mwisho wa hifadhi. Baba alinishika kiuno nisianguke. Nilikuwa na huruma naye yule tembo, jamani, kumbe aliyehitaji huruma yangu alikuwa amenishika.

Kila aliponirudisha, mjomba alimpa maji, akamuuliza habari za kazi, kisha akamkumbusha. "Shemeji, ng'ombe wako wamezaa tena. Angalia hali yako. Wachukue." Alisema kwa upendo, nalifahamu hilo mpaka leo. Aliona mwanaume anayevaa kandambili zilizoshonwa kwa waya, na kundi lake linanenepa zizini kwa mtu mwingine. Baba alijibu "tutaona, kaka," akawasha pikipiki. Mimi nilikunywa maziwa ya wale ng'ombe kila asubuhi, na kila asubuhi nilishangaa baba anavyopenda umaskini.

Kisha ndugu zake wakaja, wawili, wakubwa kwake, wamevaa makoti katika joto la Kilosa. Walikaa barazani na mjomba kuanzia asubuhi. Baba alikuwa nao. Walizungumza juu ya mama yao aliyezeeka, juu ya mwanaume anayeosha magari ya watu wakati kwao kuna ardhi, juu ya kuoa upya na kuanza maisha. Mjomba alitikisa kichwa kukubali, akasema hayo ndiyo anayoyasema yeye siku zote. Mwishowe yule mkubwa akamgeukia baba, akamsemesha kwa lugha yao. Baba akanyanyuka, akaenda zizini.

Niliruka kwa furaha. Nilimpita mbio nikaondoa miti ya mlangoni kwa mikono yangu, moja baada ya nyingine, nikiwaita ng'ombe kwa majina. Hatimaye baba yangu atakuwa na mali! Niliwaswaga pamoja na baba na ndugu zake mpaka barabarani kulikokuwa na fuso, nikipiga mluzi kama alivyonifundisha mwenyewe. Ng'ombe walipopakiwa, baba alinijia. Siku zote tulipoagana alinibeba, akanizungusha. Siku hiyo alifuta kiganja kwenye suruali yake, akaninyooshea mkono.

Nikampa wangu. Nilijiona nimekuwa mtu mzima. Nikamuuliza Jumapili tunakwenda wapi.

"Msikilize mjomba wako," alisema.

Jumapili ile nilioga mapema, nikavaa viatu, nikakaa barazani mpaka mke wa mjomba akaniletea chakula pale pale. Na iliyofuata pia. Mjomba aliniambia baba amekwenda kujenga kwao, kwao ni mbali, mtoto mzuri huvumilia. Alipiga simu sikukuu mbili tatu. Baba aliuliza, "Hamjambo huko? Mvua imenyesha?" Aliuliza hivyo, kwa wingi, kama anayeulizia mji wa jirani wa zamani. Halafu simu zikakatika.

Nilikua. Nilisoma, nikaolewa Morogoro. Mjomba alizeeka akanifia mikononi, na mpaka mwisho alijisifu kwamba hakula ng'ombe wa mtu, alimrudishia shemeji yake haki yake yote. Sikumpinga, maana na mimi niliamini hivyo.

Habari za kifo cha baba zilinifikia kwa simu ya mtu nisiyemjua. Nilisafiri usiku na mchana, nikafika ibada ya makaburini imeshaanza. Mchungaji aliposema watoto waje waweke udongo, nilitoka katikati ya watu, nikapiga hatua. Mzee mmoja mwenye koti alinishika kiwiko, kwa upole kabisa.

"Mgeni, subiri kidogo," alisema. "Waanze watoto wa marehemu."

Nilidhani hanijui. Nikamwambia jina la mama yangu, nikamwambia Masanze. Akatazama pembeni. Alikuwa yule ndugu mkubwa.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenivuta nyuma, akanishika mikono yote miwili. "Tunakujua, mwanangu," alisema. "Hatukuchukii. Lakini ng'ombe walirudi. Kwetu ng'ombe wakirudi, mtoto amerudi kwa watu wa mama yake, hatuna tena haki ya kumwita wetu. Alikataa miaka mingi. Kaka zake walimwita mjinga, walimwambia, mtoto mwenyewe haruhusiwi hata kulala kwako. Yeye akasema, wacha ng'ombe wakae kule kule, wakikaa kule mimi bado ni baba."

Nikasimama pale, mwanamke mzima mwenye watoto wangu, na miaka yote ikageuka mbele yangu kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Kumbe mjomba, kwa ule wema wake, kila Jumapili jioni alikuwa anamwomba baba akubali kwamba mimi si mwanawe. Na kila Jumapili jioni baba alikuwa anamjibu hapana, akarudi Mikumi na kandambili zake za waya, maskini kwa hiari yake, ili wiki inayofuata aje tena kuniita mheshimiwa. Alipochoka, au walipomchosha, mlango nilimfungulia mimi, nikipiga mluzi.

Watoto wake wakamaliza, watano, wote wana paji lake la uso. Wakaitwa wakwe. Wakaitwa majirani, nikaenda nao, nikashika foleni nyuma ya mama mmoja aliyesema alikuwa akimuuzia baba chumvi.