Mama Povu hawashi mashine yenye maji ya gari

Saa nne asubuhi, viti vya baa bado vimepinduliwa juu ya meza. Mama Povu amelala kifudifudi nyuma ya kaunta, tochi mdomoni, mkono mmoja umezama ndani ya mashine ya kupozea bia. Anautoa. Vidole vimelowa kijani. Anavinusa, kisha anazima swichi.

"Nani kaweka maji ya gari humu?"

Meneja anajikuna shingo. Anaeleza kwamba kimiminika cha kupozea kilipungua, duka la spea liko jirani, na wateja hawangojei. Kwani yote si yanapoza?

Hapo ndipo kazi ilipo. Bia ya pipa husafiri kutoka chumba cha baridi hadi kaunta kwa mipira mirefu. Ili isipate joto njiani, mipira hiyo hufungwa ndani ya sponji moja na mingine inayozungusha glaikoli, kimiminika kisichoganda upesi kama maji. Ipo glaikoli inayoruhusiwa karibu na chakula. Hii ya rejeta ya gari ni sumu. Mpira ukitoboka, inaishia kwenye glasi.

Mama Povu anataka kumwaga yote na kusafisha mfumo mzima. Meneja ana sherehe mchana huu. Anamwambia aondoe tu povu la bia aliloitiwa, mengine yasubiri Jumatatu.

"Siwashi," anasema Mama Povu.

Anajua anachohatarisha. Baa hii ndiyo mteja wake mkubwa, inampa theluthi ya kipato chake, na ana watoto watatu shuleni.

"Mama, mafundi wamejaa mjini."

"Mwite mmoja. Akiwasha, glasi ya kwanza unywe wewe, nami nikikutazama."

Hakuzaliwa na jina hilo. Alianza kwa kuosha glasi na mabomba ya bia, akajifunza ufundi kwa kuchungulia. Mashine ya kwanza aliyoachiwa aliitia glaikoli kidogo mno. Maji yakaganda, pampu ikaungua, na mabomba yakakohoa povu siku nzima. Mafundi wenzake, wanaume watupu, wakambatiza Mama Povu wakidhani ataona haya. Akanunua rangi nyekundu, akaliandika jina hilo kwenye sanduku lake la vifaa.

"Walisema nirudi kuosha glasi," anasema. "Glasi naosha, ila za nyumbani kwangu."

Meneja anapiga simu kwa fundi friji ambaye namba yake alipewa na mhasibu wa baa. Anaweka sauti juu, makusudi, mwanamke asikie. Fundi ni mchangamfu. Yuko karibu, anaweza kufika sasa hivi. Anauliza tu nani aliitazama mashine kabla yake.

"Huyu Mama Povu. Kagoma kuwasha, anajifanya mjuaji."

"Bosi," fundi anasema taratibu, "huyo ni mke wangu. Kama yeye kagoma halafu mimi nikawasha, leo nitalala wapi?"

Mpishi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, anakimbilia jikoni kuchekea huko. Mama Povu hacheki. Tayari ameshika spana.

Meneja anatazama simu, anatazama mashine, anauliza itachukua muda gani. Hadi jioni, anajibiwa. Wageni wa sherehe watapewa bia za chupa, na akitaka kumfukuza, amfukuze kesho. Meneja anavuta dumu tupu kwa mguu na kulisogeza chini ya bomba la kutolea maji. Kijani kinaanza kutiririka.

Mama Povu ameshapata chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Humo atauza glaikoli salama kwa vipimo vidogo, na kufundisha yeyote atakayetaka, wakiwemo waosha glasi.

"Leo ni bahati tu, kampigia mume wangu," anasema akilegeza klipu ya mpira. "Mimi sitaki bahati. Nataka meneja apige namba yoyote ya fundi mjini hapa, na kila anayepokea awe amepita mikononi mwangu."