Mawese kwenye Prosesa

Harufu ya mawese yakipata moto hunichosha. Sisemi inaniudhi, maana mboga isiyo na mawese kwangu mimi si mboga, nasema hunichosha. Jioni nikitoka kazini, baada ya kushinda kwenye chumba cha kompyuta cha ofisi yetu hapa Kigoma mjini, nikibandika sufuria na mafuta yale mekundu yakaanza kutoa moshi, mabega yananishuka yenyewe. Narudi kuwa mtoto wa darasa la nne, sebuleni kwetu Ujiji, nimekaa kwenye kigoda mbele ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu.

Baba alikuwa mwalimu, aliyehamishiwa huku kutoka Singida akaoa huku huku, binti wa kijiji cha Simbo. Asubuhi alifundisha. Jumamosi alipiga video za harusi. Siku zilizobaki alikaa kwenye kompyuta kuunganisha vipande vya harusi hizo, kazi aliyoiita kuipika video. Shida ilikuwa mgao. Umeme ulikuja baada ya chakula cha mchana, ukaondoka karibu na adhana ya magharibi, na ile mashine yetu kuukuu ilitaka muda mrefu kuliko huo kuipika harusi moja. Ukikatika katikati, unaanza upya. Ninyi mliozoea umeme wa kutwa mtaona ni jambo dogo.

Basi Baba akajifunza, sijui kwa nani, kuipandisha mwendo prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Aliingia kwenye ile skrini ya buluu inayotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, akabadilisha namba, na mashine ikaanza kukimbia kuliko walivyokusudia walioiunda. Ikakimbia kweli, ila ilichemka. Kwa hiyo nikapewa kazi: nikae hapo, feni ya mezani ikipuliza tumbo la kompyuta, nisome namba ya joto pembeni mwa skrini. Baba akiwa uani anasahihisha madaftari, alikuwa akiita, "Joto?" Nami nilikuwa nikijibu kwa sauti, "Sabini, Baba!" Wenzangu walikuwa wanaoga ziwani; mimi nilikuwa na cheo, na nilikionea fahari.

Kilichotuvuruga ni harusi ya Zawadi, binti wa jirani. Bibi yake alikuwa kijijini Mwamgongo, mwendo wa boti ziwani, hajiwezi kitandani, na mjukuu alikuwa ameolewa bila yeye kumwona. Mama Zawadi alikuja uani kwetu, akakaa kwenye mkeka, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, boti inaondoka kesho asubuhi. Bibi hali yake si ya kungoja boti nyingine. Amwone tu mtoto wetu."

Baba akasema itakuwa tayari. Baba hakujua kusema haitakuwa.

Mchana ule akaupandisha mwendo kupita siku zote. Haukupita muda nikaona tisini, na kabla sijafungua mdomo skrini ikawa nyeusi. Akaiwasha, ikazima. Akang'oa feni ndogo ya prosesa na chuma chake cha kupozea, akakuta ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na chuma ili ipitishe joto, imekauka na kubanduka kama ukoko wa ugali. Mjini hakuna aliyekuwa nayo, na kuiagiza Dar es Salaam ni kungoja treni. Akasimama pale akijifuta jasho, macho mekundu, halafu akaitazama ndoo ya mawese ya Mama kwenye kona ya baridi. Yalikuwa yameganda, mazito na laini. Hata mimi niliyaona yanafanana kabisa na dawa. Akachota kwa ncha ya kijiko, akapaka.

Mtanicheka, lakini yalifanya kazi. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha yakakumbuka kuwa ni mafuta: yakayeyuka, yakachuruzika kutoka chini ya chuma, sebule ikanukia kama tunakaanga dagaa, na skrini ikawa nyeusi tena. Baba akakaa sakafuni. Sikuwahi kumwona Baba amekaa sakafuni, na niliogopa.

Mama akatoka jikoni. Akaitazama kompyuta, kisha akamtazama Baba, akamtazama kwa muda mrefu.

"Baba Neema," akasema, "imechoka hiyo. Ipunguzie. Kwani bibi anataka harusi nzima? Si anataka uso wa mjukuu wake?"

Baba akafuta mafuta kwa pamba na spiriti, akabakiza utando mwembamba tu. Akaurudisha mwendo wa zamani, akaushusha hata chini ya hapo. Kisha akakata ndugu wote, keki yote, ngoma yote, akabakiza Zawadi akitoka ndani, Zawadi akicheka, Zawadi akiikaribia kamera na kusema, "Bibi, shikamoo." Joto likatulia kwenye hamsini na kitu. CD ilitoka adhana ikianza.

Bibi aliiona. Jirani yake mwenye jenereta alimpelekea runinga hadi kitandani, wakairudia na kuirudia, na kila mara, walisema, aliitikia, "Marahaba, mwana wanje," yaani mwanangu.

Leo kompyuta ndiyo kazi yangu. Najua kwamba kabla ya kupandisha mwendo unaanza na kupoza, unapanda kidogo kidogo, unaangalia joto mashine ikiwa kwenye kazi nzito. Najua pia kwamba mashine inayojizima haijaharibika, inajiokoa. Sisi tulikuwa tukiipiga makofi na kuiita korofi.

Na miaka mingi niliamini Mama siku ile alikuwa anazungumzia kompyuta. Baba naye aliamini hivyo, maana aliendelea vilevile: shule, harusi, tuisheni. Presha ikamwangusha darasani, chaki mkononi. Upande wa kulia haufanyi kazi tena, na maneno yamebaki machache. Nilimkasirikia sana, niseme ukweli. Sasa nachelewa kurudi nyumbani kama yeye.

Jana nilifika nyumbani simu ya kazini ikilia mkobani. Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani. Akanitazama kwa muda mrefu, akahangaika na mdomo wake, akauliza:

"Joto?"

Nilitaka kumwambia sabini.

"Tisini, Baba."

Akakisogeza kigoda kwa mguu wake mzima mpaka kikanifikia. Nikazima simu, nikakaa.