Koili iligeuzwa, kidole cha kaka yangu kikaruka

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili nimekaa nalo wiki kadhaa ili nisiandike kwa jazba. Nitaeleza niliyoyaona mwenyewe, na nisipojua nitasema sijui. Mimi si daktari. Ni fundi redio hapa Miembeni, Bukoba, mengine nimejisomea.

Kaka yangu Projestus ni mkulima wa Ngenge, Muleba. Mwaka jana alipata kiharusi. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia. Mtu wa kibanja, shamba la migomba la nyumbani, bila mkono wa kulia hashiki muhoro, ule mundu wa kupogolea, na bila muhoro migomba inageuka pori.

Basi hospitali moja hapa mjini ikapata mgeni, daktari Koku, mwenye mashine ya kusisimua ubongo kwa sumaku. Koili yenye umbo la nane inawekwa juu ya kichwa na kupiga pigo fupi la sumaku. Sumaku hiyo inazaa umeme kidogo ndani ya ubongo. Ukilenga eneo linaloendesha mkono, kidole kinaruka chenyewe. Hakuna sindano wala kisu.

Daktari alitueleza wazi. Kidole kikiruka, njia ya ubongo hadi mkononi bado ipo, mazoezi ya kulia yaendelee. Kisiporuka, matumaini ni madogo, afadhali azoeze kushoto.

Kaka alikuwa na uamuzi wake tangu kwenye basi. "Wakisema mkono umekufa, kibanja namkabidhi Deo. Siwezi kumfanyisha maiti mazoezi." Deo ni mwanawe.

Tukaingia. Kiti kilikuwa kimeelekezwa ukutani ili daktari asimame nyuma ya mgonjwa. Kaka akakataa. Kwetu, kumpa mgongo mgeni aliyekuja kukusaidia ni utovu wa adabu. Akakigeuza kiti kwa mkono mmoja, akakaa wakitazamana.

"Waitu daktari, nikupe mgongo kwani tumegombana?"

Daktari akacheka, akaona asibishane na mzee. Akafanya kazi akiwa mbele yake.

Pigo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Akasogeza koili kidogo kidogo, kimya. Kwenye skrini mstari unaoonyesha msuli wa kidole ulilala kama barabara ya lami.

Kaka akanigeukia, akasema kwa Kihaya, taratibu kabisa, "Mpigie Deo."

Sasa nitoke kando kidogo. Wiki ile nilikuwa nimesoma kwamba mwelekeo wa koili ni muhimu sawa na mahali inapowekwa. Ubongo una mikunjo. Umeme ukiukata mkunjo wa eneo la mkono kutoka nyuma kwenda mbele, seli huamka kwa urahisi. Ukipita kinyume, kwa kawaida zinahitaji nguvu zaidi. Wenye redio za zamani mnalijua hili: ukiigeuza redio stesheni inapotea, lakini mtangazaji bado anaongea.

Nikatazama mpini wa koili. Ulikuwa umeelekea mbele, kwa daktari, kwa sababu yeye alikuwa mbele.

Nikasema, "Daktari, naomba kuuliza kama mjinga. Mpini huu kwa kawaida unaelekea wapi?"

Akautazama. "Nyuma, kwa mshazari," akasema. "Nimeshika kinyume."

Ikabaki kazi ya kumgeuza kaka. Tulielewana hivi: mimi nikae mbele yake apate wa kumtazama, na kaka amwombe daktari ruhusa kwanza.

"Daktari, nakupa mgongo."

"Nimeupokea, baba."

Mahali palepale, nguvu ileile. Kidole cha shahada kikaruka. Kidogo tu, kama cha mtu anayefukuza inzi. Mstari ukainuka.

Kaka alikitazama muda mrefu. "Nani amekisukuma?"

"Mimi," daktari akasema. "Lakini kimepita kwenye njia yako."

Akaomba pigo lirudiwe. Kikaruka tena. Deo hakupigiwa.

Nisiwadanganye, hajapona. Mashine ilipima tu, haikutibu. Pia sijui kama nguvu ingeongezwa kile kidole kingeruka hata kwa upande ule wa kwanza; huenda kingeruka. Lakini sisi tulikuwa tumeshaanza kuaga. Sasa anafanya mazoezi asubuhi na jioni. Anashika kikombe, na juzi amechuma buni kwa mkono uleule, chache. Muhoro bado.

Nilichojifunza: kipimo kikikaa kimya, uliza kwa adabu kilishikwaje kabla ya kukubali jibu. Na anayeulizwa akijibu kama daktari Koku, bila kununa, mshukuru.

Madaktari mliomo humu, nilipokosea kuhusu mwelekeo nisahihisheni. Na mliouguza mtu wa kiharusi, dole gumba mlilizoeza vipi? La kaka bado limegoma. Hana simu ya mtandao, kwa hiyo majibu yenu nitamsomea Jumapili baada ya misa.