Panga Lililohesabiwa Bila Kuonekana

Asubuhi hiyo Mama Tochi aliingia karakana ya ndege na ovaroli iliyopigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Moyo ulimdunda kama wa bibi harusi. Miaka ishirini na minane alikuwa akifanya kazi moja: kuchungulia ndani ya injini, kwenye mapanga yake yanayozunguka kama ya feni, moja baada ya jingine, akitafuta ufa. Sasa macho yalikuwa yanachoka, na mkuu wa karakana hakumficha.

"Dada, kama hii kompyuta haikusaidii, Jumatatu unahamia ghala la vipuri."

Ghalani! Kupanga maboksi na kusikiliza panya! Afadhali wangemfukuza.

Kompyuta yenyewe, ya akili mnemba, ilikuwa ya majaribio ya wiki mbili, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Ilitazama picha za injini pamoja naye na kuzungushia alama kila ilichokitilia shaka. Yeye aliipenda tangu siku ya kwanza, akaibatiza Mamamkwe, maana haikupitwa na kitu.

Akapenyeza kamera nyembamba kwenye kitundu cha injini. Mpwa wake, fundi kijana waliyemwita Mrefu, akashika wenzo, akaanza kuyazungusha mapanga polepole. Yakapita kwenye kioo cha kompyuta, moja moja, naye Mama Tochi akihesabu kwa mdomo kama ada yake, bila kusita hata Mrefu alipopiga chafya.

"Sabini na tano... sabini na sita. Basi! Yote mazima."

Kioo kikaandika: Yameonekana sabini na tano. Limebaki moja.

Mrefu akaangua kicheko. "Shangazi, Mamamkwe wako hajui hesabu!"

"Nyamaza wewe."

"Kweli tena. Wewe hujawahi kukosea. Saini, abiria wanaondoka saa nane."

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani. Mama Tochi akamtupia jicho. Kompyuta ikiwa imekosea, itafungashwa na yeye ataishia ghalani. Akiwa amekosea yeye, basi macho yamejishtaki yenyewe. Huku moto, huku maji.

"Mrefu, ulipopiga chafya, wenzo ulikuponyoka?"

"Aa, kidogo tu."

"Kidogo tu ndiyo panga zima, mwanangu! Lilipita mbio, mdomo ukahesabu, jicho halikuona. Rudisha!"

Wakarudi nyuma. Kwenye panga la arobaini na mbili, lile lililopita mbio, kompyuta ikachora mraba wa njano na kuandika: Huenda ni uchafu.

"Umeona? Masizi hayo," Mrefu akasema.

Mama Tochi akainamia kioo. Alisogeza taa ya kamera ubavuni, taratibu, pumzi kaizuia. Ukingoni mwa doa kikatokea kivuli chembamba kama uzi.

"Masizi hayana kivuli. Hapa pamemeguka!" Akapiga kofi pajani. "Mamamkwe, umeniita, nami nimekuja! Mmeona lakini? Peke yangu nisingerudi, na peke yake asingejua!"

Mkuu aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa simu, akaamuru ndege isitoke.

"Na mimi, mkuu?" Mama Tochi akauliza. "Jumatatu?"

"Jumatatu kuna injini tatu. Kompyuta haiondoki, na anayeishika ni wewe. Utawafundisha na hawa vijana."

"Mimi? Wa darasa la sita?"

"Kwani darasa la ngapi wanafundisha kivuli?"

Mrefu akaanza kumpigia makofi. Mama Tochi alikuwa ameshaizunguka ndege, kamera begani, akimwita aje kwenye injini ya pili, na safari hii aje na leso.