Jiwe Lililokaa Mahali pa Kabati

“Sasa hili jiwe linakula nini?”

Bibi aliniuliza hivyo siku ya kwanza, amesimama mbele ya tangi la kioo sebuleni kwake, tambuu imejaa shavuni. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya bahari, kwa hiyo nilijibu swali jingine: kwamba tumbawe ni mnyama, kwamba ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mwani huo hutengeneza sukari kwa mwanga wa taa. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza vijana wanaopita na makaratasi ya bima. Kisha akasema hakuuliza habari za nyama. Jiwe lenyewe linaongezeka kwa kula nini? Nikasema nitamletea jibu, naye akaenda uani kutema mate ya tambuu.

Nilikuwa nimerudi kwake Chumbageni baada ya mradi wa kupandikiza matumbawe kule Kigombe kumalizika. Miradi humalizika; matatizo ya bahari hubaki yakisubiri mradi mwingine. Vilisalia vipande vichache kwenye karo zetu za maji, na mkuu wetu, ambaye alishafunga masanduku yake, aliona heri anipe mimi, kwa kibali chenye mhuri, kuliko kuvitupa. Karibu vyote vilikufa kabla sijajua kupanga taa. Kilibaki kimoja, cha ukubwa wa dole gumba, rangi ya kahawia, chenye vitawi kama vidole vya mtoto mchanga. Ndicho kitu pekee duniani kilichokuwa kikihitaji elimu yangu.

Tangi lilihitaji sakafu imara na ukuta usiopigwa na jua. Nyumba nzima ilikuwa na mahali pamoja pa namna hiyo, na hapo ndipo lilipokaa kabati la Bibi, lenye vikombe vya dhahabu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvinywea. Kabati likahamia ukumbini, na tangu hapo kila aliyepita alijigonga nyonga. Kuta za nyumba hiyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama nyumba nyingi za zamani za kwetu. Nilikuwa nimeleta tumbawe moja ndani ya maelfu, na ni hilo moja tu lililokuwa likidai umeme.

Bibi hakunikatalia. Aliweka sharti. Yeye ni msusi wa mikeka, na siku zote ana ukili mkononi, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka. Alikata kipande cha ukili, akakiweka juu ya kioo sambamba na lile tumbawe, akakipunguza mpaka urefu ukalingana, kisha akakitundika kwenye msumari.

“Siku ya kuvunja jungu, Ramadhani ikikaribia, tutapima tena,” alisema. “Likizidi ukili, libaki. Lisipozidi, kabati langu linarudi, na hilo jiwe ulirudishe kwao.”

Nilipinga. Nilisema kioo na maji hukuza umbo la kitu, kwamba kipimo cha namna hiyo kingechekwa mahali popote penye heshima. Akajibu kuwa kioo kitakuwa kilekile na maji yaleyale, basi kama ni kudanganya yatadanganya mara zote mbili sawasawa. Chuoni niliona tafiti zilizopita kwa hoja dhaifu zaidi.

Kwa hiyo nikaanza kufuga jiwe. Nilichota maji ya bahari kwa madumu na kuyapakia kwenye bajaji, na dereva aliniuliza kila mara bahari naipeleka wapi. Umeme ukikatika niliyakoroga maji kwa kata, nikisoma kitabu kwa mkono wa pili. Shangazi, binti mkubwa wa Bibi, alikuja kila Ijumaa baada ya swala na kuulizia hali ya mgonjwa. “Wenzio wanafuga kuku,” aliniambia. “Kuku hata akikufia kabla ya wakati, unamchinja haraka unamla. Hilo likifa utalifanyaje? Utasugulia miguu?”

Halikufa, wala halikukua. Miezi ilipita na ukili ulining'inia msumarini ukilingana nalo kama siku ya kwanza. Ndipo nilipopima maji na kugundua kwamba chokaa iliyoyeyuka ndani yake ilikuwa imeisha. Nikaelewa swali la Bibi. Tumbawe hujenga jiwe lake kwa chokaa inayotoka majini. Baharini chokaa haiishi. Kwenye tangi langu lilikuwa limekula kila kilichokuwepo, na madumu yangu hayakutosha kurudisha.

Nilimpelekea Bibi jibu. Alifurahi sana, akafungua mkoba wake wa tambuu, akanipa kile kikopo kidogo anachochovya kidole. “Si ungesema. Chokaa hii hapa.”

Nilikirudisha. Nilimweleza, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia mradini, kwamba chokaa ya kwetu hutokana na matumbawe yaliyochomwa tanurini, kwamba kazi hiyo ilishapigwa marufuku na bado watu wanaiendesha vichakani, na kwamba mwaka mzima nilikuwa nikilipwa kuwaambia watu waache. Siwezi kumlisha kiumbe mifupa ya nduguze.

Bibi alichovya kidole, akapaka jani lake, akalikunja. “Basi mimi nimeshawatafuna ukoo mzima,” alisema, na akaendelea kutafuna.

Mjini kuna mzee anayeuza samaki wa mapambo, chakula cha ndege, na popoo na vinginevyo vya tambuu ambavyo Bibi hununua kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamwambia ninachotaka: unga wa chokaa safi wa kulishia matumbawe. Nikamhoji. Unatoka wapi? Nje. Nje wapi? Ujerumani. Umetengenezwa kwa nini? Kwa mashine. Kisha akaingia nyuma ya pazia, akarudi na kopo jeupe lenye lebo ya Kijerumani, maneno marefu kama treni ya mkonge, herufi nyingine zikiwa na nukta mbili juu. Sijui hata neno moja la Kijerumani. Mimi niliyedai ushahidi wa kila kitu, kuanzia dawa ya kikohozi mpaka mwandamo wa mwezi, nilitazama zile nukta nikaridhika.

Unga ulikuwa mzuri. Niliuchanganya na maji, nikaacha vumbi litulie chini ya chupa, kisha yale maji maangavu nikayadondosha tangini polepole kwa mpira wa dripu. Baada ya wiki kadhaa ncha za vile vitawi zikageuka nyeupe. Shangazi alinipa pole ya msiba mbele ya majirani. Nilimwambia ule weupe ni ukuaji, kwamba jiwe jipya huanza jeupe kabla ya kupata rangi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mfiwa asiyetaka kukubali.

Siku ya kuvunja jungu nyumba ilijaa wanawake wa ukoo, pilau na samaki wa kupaka. Bibi alinawa mikono, akafuta kioo kwa pindo la kanga, akateremsha ukili msumarini. Aliuweka taratibu, ncha ya chini ikilingana na kitako cha tumbawe. Juu, ncha moja nyeupe ilikuwa imeuvuka kwa upana wa ukucha.

“Ukili umekauka,” alisema Shangazi. “Ukikauka hurudi nyuma, unafupika. Hapo hamna kitu.”

Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa hoja yangu hasa, aina ambayo ningeitoa mimi kama kabati lingekuwa langu. Badala yake nikasimama na kutetea kipimo cha ukili kwa nguvu zote, mbele ya wanawake waliokuwa na njaa.

Bibi alitunyamazisha wote wawili. “Ukili wangu nausuka kwa majani yaliyokwisha kukauka. Ulishamaliza kurudi nyuma zamani.” Akautazama ukumbi, kule kabati lilikokuwa. “Libaki.” Kisha akanigeukia. “Na umelilisha nini?”

“Chokaa, Bibi. Lakini safi, ya kiwandani. Si ile yenu ya kuchoma matumbawe.”

“Sawa,” alisema, akaenda kupakua pilau.

Tumbawe sasa limekuwa kubwa kuliko sahani ya wali, na vipande vyake nimegawa mara kadhaa. Kabati bado liko ukumbini. Mwaka huu yule mzee wa duka aliamua kufunga biashara, nikaenda kununua makopo yaliyosalia. Akaniambia makopo yapo, lakini matupu. Alikuwa nayo tangu mzungu mmoja mfuga samaki aondoke mjini. Hakuona haya hata kidogo. Alisema kwa maswali yangu yale, angenipa kwenye mfuko wa nailoni ningekataa.

Chokaa ilitoka kwenye tanuri la matumbawe, huko huko vichakani. Gunia lilikuwa moja: ya Bibi alikuwa akiitia maji, yangu akiichekecha.