Mita Mbili Nukta Moja

Wekoye alikuwa seremala wa Chwele, mfupi wa kimo lakini mdomo, lo, huo haukuwa mfupi hata kidogo. Alijivunia jambo moja: mlango wake ukishafungwa kwenye fremu, haurudi kupigwa randa. Ufundi alifunzwa na baba yake, enzi za futi na inchi. Futi sita na inchi tano, mzee aliandika 6.5 kwa penseli juu ya ubao. Futi sita na inchi kumi na moja, akaandika 6.11. Nukta kwao haikuwa hesabu ya shule. Ilikuwa ua wa kutenganisha tu, huku futi, kule inchi.

Mita zilipoingia, Wekoye alizihamishia ua ule ule. Mita mbili na sentimita tano, 2.5. Na usimcheke, tafadhali! Miaka na miaka hesabu hiyo haikumdhuru mtu, kwa sababu aliyeandika ndiye aliyesoma, na aliyesoma ndiye aliyeshika msumeno. Kosa linaweza kulala nyumbani kwako hivyo, unalilisha na hulijui.

Mwaka wa 2006 rafiki yake Wakoli alilazwa Kitale. Walikuwa wamesoma pamoja, mmoja mfupi, mwingine mrefu hadi watoto wakamuuliza kama huko juu kuna baridi. Urefu ule ulimtesa Wakoli maisha yake yote. Bwenini alilala amejikunja, kwa wakwe alilala amejikunja, na hospitalini nyayo zake zilitokeza nje ya kitanda zikigongwa na kila anayepita.

Wekoye alipokwenda kumwona, Wakoli alimshika mkono. "Bana, vitanda vyote vimenikunja," akasema. "Hicho cha mwisho utakitengeneza wewe. Usinikunje."

"Nyamaza, utapona," Wekoye akajibu. Kisha akaona heri aseme kweli. "Sitakukunja."

Wakoli hakupona. Siku mbili kabla ya mazishi, mhudumu wa mochari, Kipketer, alimpigia Wekoye simu na kumpa kipimo cha jeneza. "Ndani iwe mita mbili nukta moja, fundi."

Wekoye akaandika 2.1. Mita mbili na sentimita moja. Alijua rafiki yake alipita hapo, lakini tepu ni tepu, na ugonjwa ule ulikuwa mbaya. "Jamani, umemla mpaka urefu," akasema peke yake, akalia kidogo, kisha akachukua msumeno. Jeneza lilitoka zuri. Mbao za saipresi, kona zimeshikana hata wembe haupiti.

Asubuhi ya mazishi alilipeleka Kitale kwa pikapu, pamoja na Dinah, mke wa marehemu. Dinah alibaki nje kwenye benchi. Ndani, yeye na Kipketer wakamwinua Wakoli, wakamshusha, na kichwa kikagusa ubao huku visigino vimekalia ukingo wa upande wa pili.

"Mzee, hii ni fupi," Kipketer akasema.

"Fupi nini? Si ulisema mbili nukta moja? Pima!"

Kipketer akapima. "Hapa ni mita mbili na senti moja tu."

"Eeh! Si ndiyo hiyo mbili nukta moja?"

Kipketer hakucheka, na kwa hilo apewe heshima yake. Akaivuta tepu. "Chukua mita, igawanye vipande kumi. Kila kipande ni senti kumi, sivyo? Namba ya kwanza baada ya nukta inahesabu hivyo vipande. Moja yangu ni kipande kimoja. Senti kumi. Ukitaka senti moja, hiyo inakaa nafasi ya pili, na ile ya kwanza unaweka sufuri. Mbili nukta sufuri moja."

"Hiyo ni ya shule. Sisi mafundi..."

"Wewe buchani mashini ikisoma moja nukta tano, unabeba kilo na nusu ama kilo na gramu tano?"

Wekoye akahesabu moyoni. Kilo na nusu, mtoto mdogo anajua. Aliitazama ile tepu, kisha nyayo za Wakoli, na aibu ikampanda.

Kipketer akasogea karibu, akashusha sauti. "Usijali, mzee. Tunakunja magoti kidogo, tunafunika shuka. Wengi wanafanyiwa hivyo. Hakuna atakayejua."

Na kweli, hakuna ambaye angejua. Huko nyumbani kwa marehemu, karibu na Kibabii, hema lilikuwa limesimama na watu wamekaa. Jina la Wekoye lingebaki safi kama jeneza lake. Alisimama pale akilitaka jambo lile, tusimsingizie utakatifu. Alilitaka sana. Halafu akamwona Kipketer ameshika goti la Wakoli kwa mikono miwili, akiwa tayari.

"Wacha!" akapiga kelele. "Mwachilie mguu wake."

Akatoka nje kwa Dinah. "Shemeji, nimekosea kipimo. Jeneza ni fupi. Wanataka kumkunja, nimekataa. Tutachelewa, na kosa ni langu."

Dinah akainuka kwenye benchi. "Wewe, Wekoye? Wewe na mdomo wako wote?"

"Mimi."

"Basi fanya haraka," akasema, na akaanza kuwapigia simu wazee.

Karibu na msikiti wa mjini palikuwa na karakana ya Yakub, seremala ambaye Wekoye hakuwahi kumwona. Yakub alilitazama jeneza kwenye pikapu, akampa pole, akasukuma kando kabati alilokuwa akilitengeneza. "Tuongeze ngapi?" akauliza.

Wekoye alishika penseli, akasita, akairudisha sikioni. "Senti tisa. Iwe mita mbili, na senti kumi juu yake."

Wakafumua ubao wa miguuni, wakaunga mbao za pembeni, sakafu na kifuniko. Ubao wa Yakub ulikuwa mwekundu, ule wa Chwele mweupe, kwa hiyo kiungo kilionekana kama kiraka kwenye suruali ya Jumapili. Wekoye hakujaribu kukipaka rangi.

Wakarudi mochari kumchukua Wakoli, wakafika nyumbani jua limepinda. Wazee wamenuna, mhubiri anaangalia saa, na mzee mmoja akasema kwa sauti, ati siku hizi Chwele wanashona majeneza kwa vipande. Wekoye alisikia. Siku nyingine angemjibu mpaka ajute.

Kifuniko kikafunguliwa watu wamuage marehemu. Wakoli alikuwa amelala amenyooka, kutoka utosi hadi nyayo, jinsi ambavyo hakuna mtu pale aliyewahi kumwona akilala. Dinah hakwenda kichwani. Alizunguka akaenda miguuni, akainua shuka, akateremsha mkono wake kati ya nyayo na ubao mwekundu. Ukaingia wote.

"Hagusi," akasema, na hakuutoa.